Mwenyeji Apone

Sindano siku tano, alfajiri,
nikitoka zamu ya kusugua tramu,
viatu vyangu vikinuka dawa ya sakafu.
Siku ya nne nyonga ikaniuma kama jino.
“Vizuri,” akasema nesi Gwenda, “zinabanduka.”

Sikujua nina wapangaji.
Daktari Pickersgill alinichorea nyuma ya bahasha:
huu mfupa, huu uloto, na hapa,
kando ya mshipa mwembamba kama uzi,
seli mama.
Imelala.

Imelala? Na damu yote hii?

Inayolala ndiyo inayodumu, akanijibu.
Ikiamshwa kila siku huchakaa,
huzaa ovyo, ikaisha.
Majirani ndio wanaoibembeleza:
seli za mfupa, ukuta wa mshipa, ncha ya neva,
hata mafuta, wale wanene wasio na maneno mengi.
Huyu huiambia tulia,
yule huiambia amka, goti limechubuka.
Ikigawanyika, moja hutoka kwenda kuwa damu,
moja hubaki kulinda kitanda.

Saa nne nilifungwa kwenye mashine,
Sheffield yote nyeupe dirishani.
Kilichopatikana: kifuko
rangi ya rojo la nyanya.

Nilidhani watamtoboa Kombo mfupa.
Wapi. Walikitundika kama dripu ya malaria.
“Zitajuaje njia?”
“Zinanusa,” akasema Gwenda.
Zitapita moyoni, zitapita mapafuni,
hazitapiga kambi
mpaka zinuse mfupa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tunasema hivyo kwetu, na mwenyeji
walau ana mkeka.
Ndugu yangu walimchoma dawa wiki nzima,
wakafagia uloto wake hadi pembeni.
Nani amebaki mle
anayejua bado kusema tulia?

Kombo, midomo imejaa vidonda, akanong'ona:
“Nikipona nitashtuka usiku wa manane
nikatafute tramu ya kusugua.”

Siku ya kumi, sifuri.
Siku ya kumi na tatu, sifuri.
Nikaacha kuuliza.
Ya kumi na sita Gwenda akaandika ubaoni
kwa kalamu ya kijani: sifuri nukta mbili,
akapiga mstari chini yake, mara mbili,
akaenda kumhudumia mtu mwingine.

Mlimani tramu ilikuwa inapanda,
vioo vinang'aa, vimesuguliwa na mkono usio wangu.
Nikavua viatu. Nikajikunja kitini kando ya kitanda chake.

Hakuna aliyeniamsha.