Kutoa Uzito wa Gunia

Kiti alikisogeza, kikatoka ng'ambo ya meza
kikaja upande wangu,
tukawa wawili tunaoutazama ukuta mmoja
wenye bango la chandarua na kalenda ya mwaka jana.
"Haya, Mfaume," akasema, "tuanzie wapi?"

Nikashangaa. Nimepanda bodaboda kutoka Kitangari hadi Newala mjini,
nimelipa kwa pesa ya chumvi na sabuni,
nije niulizwe mimi njia?
Nilitaka kidonge, cheti, jina la ugonjwa.
Kujiongoza ndiko kulikonifikisha pale.

Nikamweleza ya mizani.
Kwamba mimi ni karani wa chama, misimu sita sasa,
na tangu mwaka ule malipo yalipochelewa,
watu wakanisimamia mlangoni na stakabadhi mikononi
kana kwamba mimi ndiye benki,
moyo wangu hunitangulia jogoo kuamka.
Napima gunia, narudia, narudia tena,
foleni inaguna,
na usiku namba zinaamka kunihesabu mimi.
Halafu msimu ukiisha, badala ya kupumzika, nazimika.
Nalala nimeupa mlango mgongo.
Ming'oko inapoa sahanini,
Fatu ananiita mara tatu kabla sijalisikia jina langu.
Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu.
Jirani anasema ni uvivu umepata kisingizio.

Somoe Nandonde hakumbishia yeyote.
"Na wewe," akauliza, "unasemaje?"
Sikuwa na la kusema. Akangoja.
Nje mashine ya sulfa ikanguruma, ikazima, ikanguruma.
Akangoja.

Wiki ile akanipa daftari:
niandike kila wazo baya, na saa yake.
Niliporudi nilikuwa nimepiga mistari, nimekata safu,
jumla ndogo, jumla kuu,
hofu arobaini na tatu, zimehakikiwa mara mbili.
Akatazama. Akacheka,
nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Ramadhani.
"Hapa nimekosea mimi," akasema. "Nimekuongezea ghala.
Tuliache hili. Nifundishe kazi yako,
pengine tunachokitafuta kimo humo."

Nikamfundisha basi:
gunia likipanda mizani, usiandike unachokiona.
Gunia tupu nalo lina uzito wake.
Unautoa huo kwanza, ndipo uipate korosho.

Kalamu yake ikasimama.
"Rudia."
Nikarudia, na katikati ya sentensi
nikakisikia ninachokisema.

Ndivyo tunavyofanya siku hizi, kila Jumanne.
Hofu ikija naipandisha juu, tunaisoma wote wawili:
kilo ngapi ni Chitanda aliyenifokea kweli, mbele ya watu,
kilo ngapi ni gunia tu.
Mara nyingine hatukubaliani.
Yeye huona nusu kwa nusu, mimi nasema la, ni Chitanda karibu yote.
Huandika ya kwangu.

Tukapatana jambo moja kabla ya msimu kufunguliwa:
gunia la kwanza la asubuhi nilipime mara moja.
Hilo tu. Mengine nirudie nipendavyo.
La "gunia la kwanza" lilikuwa wazo langu,
la "nipendavyo" lake.

Sijapona, asije mtu akanipa hongera.
Juzi tu niliupa mlango mgongo hadi adhuhuri.
Nilimwambia, sikuficha. Hakukunja uso.
Alisogeza kiti.

Leo ukungu umekaa juu ya mikorosho,
foleni imefika barabarani.
Gunia la kwanza ni la Bi Sijaona, limeshonwa kwa uzi wa bluu.
Mshale ukatetemeka, ukatulia:
themanini na moja.
Nikatoa moja. Nikaandika themanini.
Vidole vikataka kurudi.

Nikainua uso.
"La pili," nikasema.