Malimbikizo

Serikali imenilipa malimbikizo ya miezi saba,
nikamwambia mama: vaa kile kitenge cha Pasaka,
leo hatupiki.

Shanty Town, Moshi, Julai, baridi ya kuvalia soksi.
Nyumba ya zamani ya meneja wa kahawa
wameipaka manjano iliyokolea,
wametundika taa za karatasi,
na mlangoni unavua viatu.
Mama akasita. Soksi yake ya kushoto ina tundu.
"Si ungeniambia," akaninong'oneza,
akakunja kidole gumba ndani kama mwenye siri.

Viti vya mwanzi. Vitambaa vya hariri. Meza ya jirani
wazungu wawili walioshuka mlimani, midomo imebabuka,
wanaipiga picha sahani kabla ya kula.
Mhudumu, Mkumbo, kijana wa Iramba,
anatamka majina ya vyakula vya Burma
kama aliyeyakariri kwa ajili ya mtihani.

Kwanza ikaja saladi ya majani ya chai.
Si chai. Majani,
yamevundikwa, yamechanganywa na karanga, ufuta, kitunguu saumu.
Mama akachukua jani moja kwa ncha ya uma:
"Haya kwetu tunayamwaga kwenye maua."
Akala. Akala tena.

Halafu bakuli: tambi za mchele,
mchuzi mzito wa kambale,
wa Nyumba ya Mungu, akaapa Mkumbo, wa leo hii.
Mama akakoroga hadi chini.
"Kama ni mtori, nyama ziko chini,"
akaibua kipande cheupe, cha mviringo,
chenye vitundu kama sega.

Akakinyanyua kwenye mwanga.
Akakinusa.

"Huu ni mgomba."

Ndiyo mama, kiini cha mgomba. Ndicho chenyewe.
"Huu ninamkatia ng'ombe kila asubuhi.
Shilingi ngapi?"
Nikafunika orodha ya bei kwa kiwiko.

Nilidhani atacheka. Nilikwisha kuanza kucheka kwa niaba yake.
Aliweka kijiko chini.

Baba yake, Ndewirwa, askari wa keya,
aliyekufa akiikumbuka namba yake ya jeshi
kuliko siku za kuzaliwa wanawe,
alirudi Machame kutoka Burma
na blanketi moja, na homa isiyojua msimu,
na kisu.
Jioni, ng'ombe wakisubiri,
aliumenya mgomba gamba kwa gamba, gamba kwa gamba,
hadi kwenye kile kiini chembamba.
Akakikata, akakitia kwenye chungu chake mwenyewe,
akala amewapa mgongo.

"Shuleni tuliitwa ndama.
Mchungaji aliletwa amwombee.
Tulisema vita vimemla akili.
Mimi pia nilisema. Nilikuwa na miaka tisa,
nikakimwaga kile chungu."

Jikoni kifuniko kilianguka, kikazunguka sakafuni
muda mrefu kuliko kawaida ya vifuniko.

Hakuna aliyemuuliza kajifunzia wapi.
Kijiji gani, njaa ipi,
nani alimsogezea bakuli mgeni mwenye bunduki
akamwambia, kwa mikono tu, kula.

Mama akarudia kutafuna, taratibu,
kama anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.
"Wamekosea," akasema mwishowe.
"Hawakutoa nyuzi. Yeye kila akikata kipande
alizivuta, akazizungushia kidoleni, hivi."
Na kidole chake kikazunguka hewani
kikikusanya uzi ambao mimi sikuuona.

Wazungu waliondoka. Taa zikapunguzwa.
"Mwite yule kijana," alisema. "Aniongezee."

Chini ya meza kidole gumba kilikwisha kutoka nje ya soksi,
na hakukirudisha.