Tiketi Mbili za Kuona Hodhi

"Mnashuka wapi?" aliuliza kondakta wa Kosta ya Mafinga.
Nikasema, Mahanzi, pale kwenye jumba la kale.
"Jumba lipi?"
Mama akanipokonya jibu:
"Kwa Mgiriki."
Na basi zima likaelewa.
Mgiriki ana miaka arobaini na tatu udongoni;
kituo bado ni chake.

Tanangozi, ukungu ulikuwa haujaamua
kupanda ama kushuka.
Mama alikaa dirishani, mkoba mapajani:
vidonge vya presha, nauli ya kurudi imepigwa fundo,
na kipande cha sabuni ya mche
alichokataa kunieleza.
"Angalia barabara," aliniambia,
kana kwamba mimi ndiye dereva.

Tukashushwa penye mikaratusi. Kutoka hapo, miguu.
Nusu saa ya vumbi jekundu, mabani ya tumbaku kushoto,
mapaa yamelegea mabega, milango imekwenda kuni.
Mama hakuyatazama. Aliyahesabu tu kwa kidole.
Alipofika la saba akasema, "Hapa Sekalinga alijifungua,"
akaendelea kutembea.

Getini kijana, Chelestino, jina limeshonwa kifuani,
akatukatia tiketi. Elfu tano kila mmoja.
"Wazee nusu bei." Mama akalipa nzima.
Kisha mlango wa mbele. Akasimama kizingitini,
mguu wa kulia, hapana, wa kushoto, hapana,
mwishowe akaingia na yote miwili
kama mtu arukaye mfereji.

Hapa walikula. Hapa palikuwa na kinanda.
Chelestino alizijua tarehe zote.
Hodhi la kuogea, alisema, lilikuja kwa meli, kwa treni, kwa lori,
na maji yaliingia kwa mfumo wa kisasa.

"Mfumo," alisema Mama.
"Ndiyo, Mama. Mfumo wa maji moto."
"Mfumo ulikuwa na miaka kumi na miwili.
Ulikuwa unaitwa Semgovano.
Ndoo kumi na nane toka jikoni, mlango wa nyuma,
na ukimwaga, unapangusa kwa gauni lako."

Chelestino akaitazama karatasi yake.
Karatasi haikuwa na nafasi.

Kulikuwa na kamba ya zambarau ya kuzuia wageni.
Mama aliivuka kama uzi wa buibui,
akavua viatu, akavipanga sambamba,
akaingia hodhini, akaketi.
Magoti yakachomoza. Hodhi lilikuwa fupi
kuliko lile alilotembea nalo kichwani miaka yote.
"Baridi," alisema.
Hatukujua ni lalamiko au taarifa.

Nilitaka kumpiga picha. Simu ikabaki mfukoni.

Tumerudi hadi bani la saba, mara nyuma yetu mbio:
Chelestino, anahema, sabuni mkononi.
"Mama, umesahau hii ukingoni."
"Si yangu."
"Lakini nimeona..."
"Ya nyumba ile. Ilitoka, imerudi.
Yao ilinukia waridi, hii hainukii. Mwambie avumilie."
"Nimwambie nani?"
Mama alikwisha kugeuka.

Barabarani tulingoja. Malori ya mbao yakapita,
moja, jingine, mbao mbichi zikituachia harufu yake.
Baridi ya huku haipigi hodi;
ilitukuta tumesimama, ikaingia mikononi.
Nikauliza, walikufukuza kwa sababu ya sabuni?
Akafungua fundo la nauli, akahesabu,
akafunga, akafungua tena.

"Walimfukuza Sekalinga," alisema.

Kisha akanyoosha mkono,
maana taa za basi zilikuwa zimetokea mlimani.