Tundu Lililorukwa

Wiki ya kiharusi, kipimo cha damu kilitoa arubaini na moja.
Leo tisa.
"Uvimbe wa ndani unatulia," kasema daktari,
akanipa karatasi niikunje mwenyewe.

Lakini mamangu, Mwanashee wa Langoni,
aliyeshona kofia za vito gizani umeme ukikatika,
bado aniita Tima, dadake aliyekufa,
na sindano huishika kama kijiko.

Namba zashuka. Na yeye, apanda?

Jioni nilishona safu moja, kombokombo,
nikamwekea mapajani, nikaenda kuepua chai.
Kurudi, uzi umefumuliwa kwa meno,
na kidole cha kushoto, kile kizima,
kimekita juu ya kitambaa:

"Hapa umeruka tundu, Tima.
Anza tena."