Herufi Moja

Karani Sisoi alifika kutoka Moskva mwezi wa Februari,
ndevu zimemganda barafu, waraka kifuani:
kuanzia leo ishara ya msalaba ni vidole vitatu, si viwili,
na jina la Yesu liongezwe herufi moja.

Kasisi wetu alichovya kalamu, akaongeza.
Bibi Fetinya hakuinuka benchini.
"Nani kasema?"
"Patriaki."
"Naye kaambiwa na nani?"
"Vitabu vya Wagiriki."
"Na hao Wagiriki?"
Karani akalitazama jiko, akaomba supu.

Akampa. Supu ya kabichi, na kijiko cha mwanawe
aliyezikwa vidole viwili vimenyooshwa.
"Na huyu je, nimfukue nimpange upya?
Ardhi imeganda. Utashika sururu wewe."

Mimi nilikuwa mtoto, nimelala juu ya jiko,
nikijaribu gizani: viwili, vitatu, viwili.
Hakikuwaka kitu. Hakikuzimika kitu.

Theluji haijayeyuka, wakaja kumchukua.
Alivaa viatu vya kuendea kanisani.

Leo shemasi ni mimi, na kitabu ni kilekile.
Kila nikilifikia jina, jicho linajikwaa
pale herufi ilipobanwa katikati ya wenzake,
nyeusi kuliko zote, kama mgeni
aliyepewa kiti na mwenye nyumba hayupo.

Walioipiga muhuri wamekufa. Aliyeuliza amekufa.
Nalisoma kwa sauti, lilivyoandikwa, herufi zote.
Lakini chini ya joho, vidole vyangu
vinafanya vinavyojua.