Utenzi wa Sweta Sita

Mama hununua sweta,
kibandani huzileta,
hufumua akiteta,
Gikomba, hapa mtoni.

Kila sweta huwa donge,
mviringo kama tonge,
nami nikiwa mnyonge
huyapanga kikapuni.

Musembi husaka shaba,
kakangu, kumi na saba;
apate riziki haba
hushuka mferejini.

Ijumaa akazama,
Jumamosi twatazama,
wenzake wakalalama:
"Kuna kitu mle ndani!

"Kina pembe, kina kwato,
chavuma kama upato!
Tumetoka bila pato,
tukikimbia gizani."

Polisi wakaandika,
wino ukamalizika,
faili ikafungika:
"Rudi kesho kituoni."

Nikakumbuka darasa,
ngano ya kale, si sasa:
kijana, binti kamwasa,
kisiwani Uyunani:

"Vichochoro vimepinda;
bila uzi, hutashinda
mnyama akikuwinda.
Ufunge huu langoni."

Nikabeba nyuzi zote,
mkasi; liwe lolote!
Sikumuaga yeyote,
uzi kafunga ngazini.

Mwekundu ukachomoka,
wa kijani ukatoka,
dari yavuja, yachoka,
maji yafika gotini.

Juu, nyundo za mabati
zagonga kila wakati,
Kamukunji katikati,
nami chini, kaburini.

Njia mbili, tatu, nane,
sura zote zifanane,
panya, mende, tuonane!
Uzi uko kidoleni.

Nilitamani kurudi;
harufu hapo si udi!
Nikaongeza juhudi,
donge moja kikapuni.

Kisha pumzi ya moto.
Sikujua kama ndoto;
nikawa tena mtoto
na mkasi mkononi.

"Mbithe, mwanga unatisha!
Usiku kanipitisha,
joto lake ni maisha,
nimelala ubavuni.

"Ni fahali: katoroka
Burma, kisha kadondoka,
kamba shingoni, kachoka,
kama mimi, masikini."

Yule wa ngano huua.
Mkasi nikafunua;
fahali akatanua
pua, jicho la huzuni.

Nilichokata ni kamba,
kavu, ngumu kama mwamba.
Mkono akaulamba:
msasa huo, jamani!

Mvua ikaja. Povu,
chupa, taka na maovu;
uzi wa mwisho ni mbovu,
ukakatika majini.

Kaka nikampakia
juu yake; mi, mkia
nikashika nikilia:
"Tutoe, ndugu, shimoni!"

Pua yake ikanusa,
kona kwa pembe kagusa,
akikosea, kasusa,
hadi nuru ya jioni.

Soko likatawanyika,
viatu vikamwagika,
muuza chai kashika
birika lake kichwani.

Akavuka kwa adabu
(taa nyekundu, ajabu!),
pembe, uzi wa dhahabu,
akatoweka mjini.

Mama alitukumbata,
kikapu akakipata
kitupu. Akakamata
kiuno: "Nyuzi? Semeni!"

Deni letu: sweta sita.
Siku nyingi zimepita,
vidole vyafanya vita,
tungali kibaruani.