Kiu Isiyo Kiu

Ingia, Kahambu. Kitenge kimelowa, kitundike hapo.
Ua liweke mezani, karibu na taa ya betri,
umeme wa Katindo umekwenda zake tangu saa kumi.

Hebu nione.
Majani yamelegea kama masikio ya mbuzi,
nawe umekwisha kuamua: lina kiu.
Wote huamua hivyo.
Miaka ishirini na sita nilichoma sindano kule Birere,
sijakutana na ugonjwa mwongo kama huu.

Ulilimwagilia mara ngapi?
— Asubuhi na jioni.
Na juzi?
— Juzi mara tatu. Lilikuwa na huzuni.

Basi tulivue. Mgonjwa hapimwi akiwa na koti.
Kopo la maziwa ya unga, halina tundu hata moja!
Sikia harufu hiyo ya maji yaliyolala.
Mzizi mzima ukiubinya unakataa,
mweupe wa fedha ukikauka, kijani ukinywa.
Huu umekubali upesi mno:
ngozi imebaki vidoleni mwangu,
ndani uzi tu, utambi usio na mafuta.
Okidi yako, mama, inakufa kiu ndani ya kisima.

Mkasi. Upitishe kwanza kwenye moto.
Kata mpaka ufike penye ukaidi.
Usifumbe macho, utakata kidole.
Kumi na mmoja imeoza, minne imebaki.
Minne inatosha;
watoto wa mtaa huu wamelelewa na chini ya hapo.
Mdalasini wa chai, kidogo, kwenye vidonda tu,
mzizi mzima usiuguse, utaukausha.

Na hii pamba kwenye kwapa la jani
si pamba, ni mdudu. Mfute kwa alkoli,
na wiki ijayo mfute tena,
maana ana watoto ambao hujawaona.
Doa hili jeusi ni jua la saa saba: lisogeze dirishani kwa asubuhi.
Jani la chini, la njano? Liache.
Huo ni uzee, hauna dawa, niulize mimi.

Sasa twende uani, tunahitaji mawe.

Umesimama.
Najua.
Jiwe hili lilipita sebuleni kwako mwaka ule wa moto,
likiwa bado jekundu, likiwa bado linatembea,
likala cherehani, likala mlango na komeo lake.
Leo limepoa. Lishike.
Lina matundu elfu, kila tundu pumzi moja.
Livunje liwe kama punje za mahindi, lioshe majivu,
changanya na makala. Udongo hapana, hata kijiko.
Ua hili kwao ni juu ya miti:
hushika tawi, mvua ikapita, upepo ukalifuta uso.
Nani kama sisi wa Goma kwa kujua
kuota mahali pasipo na udongo?

Kadi bado imefungwa kwenye kijiti,
jina la Musubao, wino umechuruzika.
Sikuulizi alipiga simu lini mara ya mwisho.
Ila mkono unaobeba kikombe cha maji mara tatu kwa siku
ni mkono unaotafuta kazi.

Upe hii.
Kila siku ya posho, inua kopo, tuliloitoboa mimi na wewe kwa msumari.
Likiwa jepesi, mwaga maji, yapite yote, yaende.
Likiwa zito, lirudishe.
Kisha kaa na uzito ule, au mpigie wewe.

Maua? Sikuahidi kitu.
Mwaka ujao labda. Labda jani moja tu.
Lakini siku utakapoona ncha ya kijani
ikichungulia kama ulimi wa mjusi,
piga vigelegele, amsha majirani, njoo unigongee hata usiku,

ila maji ya furaha, Kahambu,
usilipe.